Karatasi ya ute wa yai: inafaa kiasi gani kwa picha za kuunga?

Kuunga picha kwa mtindo wa Uingereza ya Malkia Victoria ni kuchapa negativu kadhaa za kioo (picha ambazo weusi na weupe vimegeuzwa) juu ya karatasi moja mpaka zisomeke kama tukio moja. Kazi hii haidai kamera ya ajabu. Inadai karatasi ya albamini, yaani ya ute wa yai, pamoja na fremu ya kuchapia ambayo mgongo wake umegawanywa mara mbili na kutiwa bawaba. Karatasi tunaipa alama 4 kati ya 5.

Sifa yake kubwa ni kwamba haifichi kitu. Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard aliitangaza mwaka 1850: karatasi nyembamba hulazwa juu ya ute wa yai uliotiwa chumvi, ikikauka hulazwa juu ya nitrati ya fedha, kisha huwekwa juani chini ya negativu. Picha hujitokeza yenyewe, bila dawa ya kuitoa. Unafungua nusu ya mgongo, unakunjua karatasi na kuchungulia, huku nusu ya pili ikiibana isisogee. Pasipo hilo, kulinganisha weusi wa negativu tano ni kupiga ramli. Acha ikolee kupita unavyotaka, maana hipo, dawa ya kuizuia picha isiendelee kubadilika kwa mwanga, itaipausha.

Penye kazi hasa ni kwenye mshono. Chukua “Fading Away”, picha ya Mwingereza Henry Peach Robinson, 1858, iliyotoka kwenye negativu tano: binti mgonjwa kitini, wanawake wawili kando yake, mwanamume dirishani amewapa mgongo. Kwenye negativu ya kwanza unaziba kwa rangi nyeusi kila kisichotakiwa, ukifuata ukingo wa mtu kwa brashi ya ncha. Unachapa. Kisha unakata kinga ya karatasi nyeusi yenye umbo lilelile, unafunika sehemu iliyokwisha kuchapwa, na kuleta negativu ya pili, ukiongozwa na matundu ya pini kwenye pembe.

Kinga ikipungua unywele mmoja, mwanga unapiga mara mbili na mstari mweusi unabaki. Ikizidi, unabaki mweupe. Afadhali mweupe: unazibwa kwa tone la rangi ya maji, ilhali mweusi hukwanguliwa kwa wembe, na wembe unaondoka na mng’ao wa yai. Mshono uupitishe kwenye ukingo wa gauni, mgongo wa kiti au pindo la pazia, kamwe si kwenye ukuta mtupu. Kwa nyasi, tandaza pamba ukingoni mwa kinga ili mwanga ufifie polepole.

Kuna makosa ambayo kinga haiyatibu. Mwanga ukitoka kushoto kwa mmoja na kulia kwa mwenzake, hakuna mkasi utakaowapatanisha. Ukubwa nao huamuliwa wakati wa kupiga, kwa kuwa chapa ni saizi ileile ya negativu: anayetakiwa kuonekana nyuma sharti apigwe akiwa mbali zaidi na kamera. Ndiyo maana Robinson alichora mpango kwanza.

Mpiga picha Oscar Rejlander aliifikisha karatasi hii ukingoni mwaka 1857. Picha yake “The Two Ways of Life” ina negativu zaidi ya 30, upana wake karibu sm 79, na ilibidi aunge karatasi mbili. Ilimchukua kama wiki sita. Malkia Victoria aliinunua nakala. Huko Scotland wengine waliikataa kwa sababu ya uchi. Sisi tungependa nusu ya watu waliomo kwenye picha wapungue.

Alama iliyokatwa ni ya haraka zake. Ikishaloweshwa fedha, karatasi huanza kugeuka njano baada ya siku moja hivi, na joto huiharakisha. Negativu zote ziwe tayari kabla. Baada ya kuchapa, itie kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu, tumia hipo mpya, na osha kwa maji mengi, la sivyo itafifia.

Anayeanza aanze na negativu mbili: nchi na mawingu. Kolodioni, utando unaopakwa kwenye kioo cha negativu ili kinase mwanga, huona buluu kupita kiasi, hivyo ukipiga nchi vizuri mbingu hutoka tupu. Mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alikwepa hilo kwa kuunga bahari na mbingu kwenye mstari wa upeo. Kabla ya kuweka mawingu, tazama vivuli vya ardhini: jua liwe upande uleule.