Kliniki ya watoto Mikocheni, wenye watoto wanaozubaa darasani pitieni hapa

Wazazi wenzangu naandika hii kwa sababu najua wengi tunahangaika na mtoto ambaye ticha kila siku anasema hatulii au anazubaa tu. Wangu ni wa kike, yuko la tatu, hasumbui mtu, anakaa kimya anaangalia dirishani, daftari linarudi nusu ukurasa, penseli ndo usiseme. Shule wakasema mvivu, bibi yake akasema tumuombee.

Hapa daktari hakukimbilia kuandika dawa. Kwanza wakampima masikio na macho, akauliza analala saa ngapi na kama anakoroma, maana mtoto asiyesikia au asiyelala vizuri naye anaonekana hivyohivyo. Akatupa fomu, moja yetu moja ya mwalimu, akatueleza hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayokwambia huyu ana ADHD, yaani ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kuwa makini, wanaangalia dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni, siyo sehemu moja tu. Kumbe mabinti wengi wanapitwa kwa sababu hawarukiruki. Na mara nyingi ni ya kurithi, haitokani na malezi mabaya wala sukari, jamani baba yake alishusha pumzi pale.

Dawa zipo na zinasaidia watoto wengi, hilo alisema wazi, ila tutaliongea fomu ya shule ikirudi. Kwa sasa katufundisha namna ya kumwagiza. Alikaa naye kwenye mkeka, "mama, nipe mpira wa bluu", akasubiri aletewe, akamsifia, ndo akataja kingine. Mimi nyumbani nilikuwa namimina yote kwa pamoja kutoka jikoni, vaa soksi chukua begi umeswaki? Sasa naenda alipo, namwangalia, nasema moja, na gari la shule halipigi tena honi getini.

Kasoro ipo, foleni. Hata ukiwa na apointimenti unakaa mno, na mtoto wa hivi kumkalisha kwenye benchi huku TV inapiga kelele ni kumtesa, wawatafutie hata kikona cha kuchorea. Halafu ulizeni bima mapema, ya kwetu iligoma kulipia tathmini tukatoa keshi. Na bebeni madaftari ya shule, daktari anayapitia ukurasa kwa ukurasa.