Thunderbird kwa jicho la fundi: barua isipotoka, na isipoingia

Programu ya barua pepe ipimwe siku barua imekwama, maana siku mambo yanapopita yenyewe zote zinafanana. Kwa kipimo hicho, Thunderbird inastahili nafasi hata kwenye kompyuta ya mtu aliyezoea kusoma barua zake kwa kivinjari. Ni ya bure, toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na hadi leo sifa yake kubwa haijabadilika: haimfichi mtumiaji seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea na kutuma barua. Jina la seva, namba ya poti (mlango wa kuingilia seva), aina ya usimbaji (kufunga mawasiliano yasisomwe na mwingine) na njia ya kuthibitisha nenosiri vyote viko wazi kwenye mipangilio, na kila kimoja kinabadilishwa peke yake. Programu nyingi za simu hukupa ujumbe wa "imeshindikana, jaribu tena", na hapo fundi anabaki kupiga ramli.

Kabla ya kuigusa, fungua sanduku lilelile kwa kivinjari. Barua ikionekana huko na kwenye Thunderbird haipo, kosa liko kwenye kompyuta au mipangilio. Isipoonekana huko pia, hakuna kitufe cha Thunderbird kitakachoileta. Jaribio hili huchukua dakika moja na huokoa saa nzima ya kufuta na kusakinisha upya, jambo ambalo karibu kamwe halitibu kitu, kwa sababu mipangilio hukaa kwenye folda ya wasifu ambayo haifutwi programu inapoondolewa.

Jambo la pili ambalo Thunderbird huliweka bayana ni kwamba kutuma na kupokea ni njia mbili. Kupokea hupita IMAP (barua hubaki kwenye seva) au POP (barua hushushwa kwenye kompyuta), kutuma hupita SMTP, kila moja na seva yake, poti yake na nenosiri lililohifadhiwa peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea barua siku nzima huku hakuna inayotoka. Kwenye orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa utaona mstari unaoanza na imap:// na mwingine unaoanza na smtp://. Aliyebadilisha nenosiri lake mara nyingi husasisha wa kwanza na kuusahau wa pili. Futa yote miwili, funga programu, ifungue, kisha andika nenosiri jipya linapoulizwa.

Kufungua akaunti ni rahisi kwa huduma kubwa: jina, anwani, nenosiri, basi, programu inatafuta mipangilio yenyewe. Udhaifu hujitokeza kwa vikoa binafsi (jina lako mwenyewe baada ya alama ya @) vilivyopangishwa kwenye seva ya pamoja, ya kampuni inayohudumia wateja wengi. Hapo Thunderbird hubahatisha jina la seva kwa kuweka "mail" mbele ya kikoa, wakati cheti cha usalama, kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe, kimeandikwa kwa jina la seva ya mpangishaji. Matokeo yake ni onyo la cheti kila unapofungua. Wengi hubonyeza kukubali na kuendelea. Usifanye hivyo. Onyo hilohilo ndilo lingekuambia kuna mtu amejipenyeza katikati ya mawasiliano, na ukishalizoea halina kazi tena. Lisome cheti lenyewe, chukua jina lililoandikwa ndani yake, ulithibitishe kwa mpangishaji, kisha uliweke kama jina la seva. Kama onyo limeanza ghafla kwa akaunti zote, angalia kwanza tarehe na saa ya kompyuta: saa ikirudi nyuma mwaka mzima, cheti halali huonekana kama hakijaanza kutumika.

Namba za poti ni chache na zinafaa kukaa kichwani. IMAP yenye usimbaji tangu mwanzo ni 993, POP ya namna hiyo ni 995. Kutuma ni 465 ukichagua SSL/TLS (usimbaji tangu mwanzo), au 587 ukichagua STARTTLS (usimbaji baada ya salamu). Poti ya 25 ni ya seva kwa seva. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka, kwa hiyo mpangilio wa zamani wenye 25 unaweza kufanya kazi ofisini na kukataa nyumbani. Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kuchanganya namba na usimbaji. Ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, Thunderbird inasubiri seva itoe salamu kwanza, na seva inasubiri Thunderbird ianze usimbaji. Kila mmoja anamsubiri mwenzake apige hodi, mpaka muda unakwisha na unaambiwa seva haipatikani, ilhali ipo hapo hapo.

Nenosiri sahihi linapokataliwa, sababu mara nyingi ni njia ya uthibitishaji. Google ilianza kufunga njia ya nenosiri la kawaida kwa programu za nje mwaka 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com Septemba 2024. Kwenye Thunderbird, sehemu ya "Authentication method" iwekwe OAuth2 (unaingia kupitia dirisha la mtoa huduma mwenyewe) upande wa kupokea na upande wa kutuma pia; huu wa pili ndio husahaulika. Dirisha la kuingia likifunguka na kubaki jeupe, angalia kama umezuia vidakuzi (cookies) ndani ya mipangilio ya faragha ya Thunderbird, kwa kuwa bila vidakuzi dirisha hilo haliwezi kumaliza kazi. Kwa programu isiyojua OAuth2, Gmail hutoa nenosiri maalumu la herufi 16, lakini mpaka uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa.

Pale ambapo Thunderbird inang'ara ni kutuma kunaposhindikana, kwa sababu kisanduku cha kosa hubeba maneno ya seva yenyewe. Usikifunge kabla ya kuyanakili. Msimbo unaoanza na 4 ni kizuizi cha muda, unaoanza na 5 ni kukataliwa kabisa. 535 ni uthibitishaji umekataliwa. 550 5.1.1 ni anwani haipo, na aghalabu ni herufi moja iliyokosewa ambayo imejihifadhi kwenye kitabu cha anwani na kujijaza kila mara. 552 5.2.2 ni sanduku la mpokeaji limejaa. Namba zinazoanza na 5.7 ni za sera na usalama: seva imekuelewa vizuri, imekataa tu. Misimbo hii hii huja pia ndani ya barua ya marejesho kutoka MAILER-DAEMON (jina la seva inapotoa taarifa ya barua iliyokwama), ambayo watu huifuta bila kuisoma kwa sababu imeandikwa kama ya mashine. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wenye tarakimu tatu.

Ukiona 451 ndani ya barua ya MAILER-DAEMON, mara nyingine seva ya upande wa pili inamjaribu mtumaji mgeni kwa kumwambia arudi baadaye. Seva yako itarudia yenyewe, na kwa kawaida huendelea kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Kuituma tena mara kumi huzaa nakala kumi zinazofanana, na hizo zinafanana sana na barua taka.

Upande wa kupokea programu hii haina ukarimu huo. Kosa hujitokeza kwenye kona kwa sekunde chache, likapotea. Inabidi ujue kuna "Activity Manager" kwenye menyu ya zana, na dirisha la makosa linalofunguka kwa Ctrl+Shift+J. Kwa programu ya umri huu, kumwachia mtumiaji avitafute mwenyewe ni upungufu usio na udhuru.

Kasoro nyingine kubwa ni mwisho wa safari ya barua. Thunderbird hutuma, kisha huweka nakala kwenye folda ya zilizotumwa, na hatua hizi mbili ziko ndani ya dirisha moja. Nakala ikikwama, kwa sababu sanduku lako limejaa au folda iliyochaguliwa haipo tena, mtumiaji huona mstari umesimama, akaghairi, akatuma upya. Mpokeaji anapata barua mbili. Ujumbe ukitaja folda ya "Sent", jua barua imeshaondoka; nenda "Copies & Folders" uchague folda iliyopo, au kwa muda weka nakala kwenye folda za ndani ya kompyuta.

Viambatisho vina hesabu yake. Kwenye barua, kila baiti 3 za faili huandikwa kwa herufi 4, ukiongeza na alama za mwisho wa mstari. Faili la MB 20 hufika karibu MB 27 likiwa njiani, na seva inayohesabu ujumbe mzima kwa kikomo cha MB 25 italikataa, ingawa kwenye diski linaonekana dogo.

Mwenye akaunti zaidi ya moja asome hapa kwa makini. Kila akaunti huelekezwa kwenye seva ya kutuma, na ukiongeza akaunti kwa haraka au ukifuta ya zamani, inaweza kubaki imeelekezwa kwenye seva ya akaunti nyingine. Basi barua ya kikoa cha kazini inatoka kupitia seva ya akaunti binafsi. Ukibahatika, seva inakataa kwa 553 na unajua. Usipobahatika, barua inaondoka bila kosa lolote na kuishia kwenye barua taka za mpokeaji, maana rekodi ya SPF ya kikoa (orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lake) haiitambui seva iliyoituma na sahihi ya DKIM (muhuri wa kidijitali wa kikoa) ni ya kikoa kingine. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo. Dawa ni kufungua mipangilio ya kila akaunti na kuangalia "Outgoing Server" chini kabisa ya ukurasa.

Thunderbird haiwezi kukurekebishia rekodi za kikoa, ila inakusaidia kuzisoma. Jitumie barua kwenye akaunti ya huduma nyingine, ifungue, bonyeza Ctrl+U, tafuta mstari wa "Authentication-Results". Unataka kuona spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass (DMARC ni sera ya kikoa inayolinganisha hizo mbili na anwani ya mtumaji). SPF ikisema permerror (rekodi yenyewe ina kosa), kagua kama kikoa kina rekodi mbili za SPF. Inatakiwa moja tu, na isihitaji kuulizia DNS (daftari la intaneti la majina ya vikoa) zaidi ya mara 10.

Kuhusu kuhifadhi: folda inapoonyesha barua tupu au idadi isiyolingana, bofya kulia, "Properties", kisha "Repair Folder". Kwa IMAP hupakua upya kutoka seva. Kwa POP hujenga faharasa tu juu ya faili lililopo, kwa hiyo nakili kwanza folda ya wasifu. Na programu ya kuzuia virusi isiachiwe folda hiyo: kwa mpangilio wa kawaida, barua zote za folda moja zimo ndani ya faili moja, na kiambatisho kimoja kibaya kinaweza kufanya kikasha kizima kiwekwe karantini. Watumiaji wa POP ndio wanaoumia, kwa kuwa nakala ya seva huenda ilishafutwa. Usipokuwa na sababu nzito ya kutumia POP, chagua IMAP.

Toleo la Android lilitoka Oktoba 2024, likijengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua ya Android iliyokuwepo tayari, na linapokea akaunti kutoka kompyuta kwa kuskani msimbo wa QR. Barua zikichelewa huko na kumiminika pale tu unapoifungua programu, usihangaike na poti. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu, iruhusu ifanye kazi chinichini bila kizuizi, kisha uhakikishe folda ya kikasha imewekewa kupokea papo hapo.