"Mama, nyumba haikuandaliwa": kitasa cha umeme kilivyonilia ukuta

Nilisema nisubiri hasira zishuke ndiyo niandike. Hazijashuka, basi naandika hivyohivyo.

Nina vyumba vya kupangisha huku Goba. Kwenye jengo la kwanza nilichoshwa na funguo: mpangaji anahama na ufunguo wake, kesho yake nabadilisha kitasa cha mlango mkuu na kuanza kugawia watu funguo upya kama pipi. Hili jengo la pili nikasema hapana, naweka kitasa cha umeme, mtu agusishe kadi aingie. Nikaita kampuni moja hapa mjini. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Sasa sikilizeni. Siku kijana wao wa mauzo alipokuja, tofali zilikuwa wazi. Plasta hakuna, dari hakuna, fremu ya mlango imeegeshwa tu ukutani. Fundi wangu wa umeme alikuwa palepale analaza paipu zake, akamuuliza kwa heshima zote, "Kaka, hapa mlangoni nikuachie nini?" Yule kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Wewe usihangaike. Sisi tukija, siku moja tu tumemaliza."

Fundi wangu akaniangalia. Mimi nikaona huyu ana shati lenye nembo ya kampuni, atakuwa anajua. Ukuta ukapigwa plasta, ukaskimiwa, taizi zikapanda mpaka kiunoni, rangi ikapakwa, mlango wa mninga ukafungwa. Nikapendezwa na nyumba yangu.

Miezi mitatu baadaye, au minne, wakaja watu wengine kabisa, na msimamizi wao amevaa kofia ngumu kama anajenga daraja. Akauzunguka mlango, akagongagonga ukuta kwa kidole, kisha akasema kwa sauti mbele ya mafundi wangu wote: "Mama, nyumba haikuandaliwa."

Haikuandaliwa! Nyumba ambayo mtu wenu aliikuta uchi!

Kumbe hicho ninachokiita kitasa ni vitu vinne. Kuna kisoma kadi nje ya mlango. Kuna kile chuma kinachokaa ndani ya fremu na kuuachia ulimi wa kitasa. Kuna kijisensa cha kujua kama mlango umefungwa. Na kuna boksi lenye betri juu ya dari, ambako nyaya zote zinakwenda. Kwa hiyo paipu lazima zishuke ndani ya ukuta, na moja ifike kwenye fremu, usawa wa kitasa chenyewe. Tofali zikiwa wazi, fundi anamaliza kabla ya chai ya saa nne, na paipu zenyewe ni bei ya chipsi mayai. Plasta ikishapigwa, kazi hiyo ni ya grenda.

Basi ikaja grenda. Vumbi jeupe mpaka kwenye maua ya jirani. Taizi nane zikavunjwa, na nilipokwenda dukani ule mzigo ulikuwa umeisha, uliopo rangi yake imepishana kidogo na yangu. Halafu wakakata bomba la maji linalokwenda choo cha chini. Maji yanaruka, mimi nakimbilia koki, na yule wa kofia kasimama palepale: "Ndiyo maana nilisema haikuandaliwa." Kwenye bili wameandika mstari mzima, "maandalizi ya nyumba", na fedha yake inazidi ya kitasa.

Niseme na haki yao. Katika ile timu kulikuwa na kijana mmoja mpole, kajaa vumbi hadi kope. Kwenye oda, watu wa mauzo walikuwa wameandika kitasa cha sumaku. Akanivuta pembeni: "Mama, sumaku inashika kwa umeme. LUKU ikiisha usiku na betri ikafa, mlango unaachia wenyewe. Chukua cha kwenye fremu, kile kinachobaki kimefunga. Wa ndani atatoka kwa mkono wa kitasa kama kawaida." Akakataa pia nyaya nyembamba walizokuja nazo, akasema toka kwenye boksi mpaka mlangoni ni mbali, umeme utafika umechoka. Leo umeme ukikatika mlango wangu hautikisiki, na wapangaji wanaupenda. Kwa kitasa peke yake ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Na mimi nina langu. Fundi wangu aliniomba alaze paipu tupu mlangoni, aache na waya wa kuvutia, liwalo na liwe. Nikamwambia asiniongezee gharama, wataalamu wameshasema. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini nani alinitia huo ubishi? Si huyo wa shati la nembo! Swali moja aliulizwa, na jibu lake sahihi lilihitaji maneno kumi tu.

Juzi kampuni imenipigia, dada mwenye sauti ya asali, eti nitoe maoni na nyota. Nikatoa mbili: moja ya kitasa, moja ya yule kijana wa vumbi. Halafu nikatoka nje nikauona ule mstari wa grenda ukutani, rangi ya duka lilelile na namba ileile lakini bado unaonekana toka getini, nikatamani nimpigie dada nichukue moja yangu.