"Washing Machine" au "Mystery of Love": upige ipi?

Haus (muziki wa dansi wa kielektroniki) ya mwanzo ikitajwa, Mr. Fingers, yaani Larry Heard wa Chicago, hukumbukwa kwa "Can You Feel It" tu. Inaniuma, maana santuri hiyohiyo ya lebo ya Trax ya 1986 ina "Washing Machine", na mwaka mmoja nyuma alishatoa "Mystery of Love".

Kwenye kuchanganya nyimbo kama DJ, "Washing Machine" haina mpinzani. Haina maneno; kinanda kinazunguka na kububujika kama maji ndani ya pipa, ngoma haziyumbi, unaichomeka popote. Ila wasioizoea huichoka mapema.

"Mystery of Love" inashinda kwa hisia. Besi yake ina huzuni inayokung'ang'ania, na toleo la Fingers Inc., kundi la Heard, lina sauti ya mwimbaji Robert Owens, laini, karibu kunong'ona. Hata asiyecheza husimama akasikiliza. Kuingiza wimbo mwingine juu ya sauti hiyo ni kuiharibu.

Kuhusu usafi wa sauti, santuri za zamani za Trax zina sifa ya kukwaruza, kwa hiyo tafuta toleo lililochapwa upya.

Ukumbi ukishakolea saa nane usiku, weka "Washing Machine". Mkiwa wachache sebuleni, na spika yenye besi nzuri, anza na "Mystery of Love".