Huduma za wingu kwa biashara ndogo: ipi ununue kwanza?

Huduma za wingu ni programu na hifadhi unazotumia kupitia intaneti, zikiwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Biashara yenye wafanyakazi watano haihitaji kukodi seva, yaani kompyuta nzima ya mbali ya kuendeshea mfumo wako. Nalisema mapema, maana mafundi wengi huanza kukuuzia hiyo. Mpangilio wangu ni huu:

1. Kifurushi cha ofisi
Google Workspace au Microsoft 365: barua pepe yenye jina la kampuni, faili na kalenda, unalipia kila mtumiaji kwa mwezi. Business Starter ya Google ina GB 30 kwa mtu. Business Basic ya Microsoft ina TB 1, yaani kama GB 1,000. Usiikimbilie hiyo TB kabla hujaongea na mhasibu wako: kwenye Basic, Excel inafunguka kwenye kivinjari na simu tu. Akitaka ya kuweka kwenye kompyuta, ni Business Standard, na bei inapanda. Kwa duka ningechukua Google; kwa ofisi inayoishi kwenye Excel, Microsoft.

Akaunti kuu isajiliwe kwa jina la kampuni, na namba ya simu ya kurejesha nywila iwe ya mwenye mali, si ya kijana wa IT. Siku akiondoka kwa ugomvi, ndipo utajua ofisi ilikuwa ya nani.

2. Programu za hesabu na stoo
Muulize muuzaji: nikiacha kulipa, natoaje data zangu zote kwenda Excel? Akianza kuzunguka mbuyu, aga. Uliza pia kama inauza bila mtandao. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na Uganda. Orodha ya wadaiwa iwe na nakala kwenye diski ya nje, hapo hapo dukani.

3. Seva ya kukodi
Ya mwenye mfumo wake na fundi wa kuusimamia. Microsoft walifungua vituo vya data Afrika Kusini 2019, Amazon wakafuata Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024, kwa hiyo si lazima data ziende Ulaya. Bili huhesabiwa kwa dola, na data zinazotoka kwenye seva nazo hutozwa. Tahadhari ya bajeti, ile unayoweka ikujulishe bili ikifika kiasi fulani, kwa kawaida inakutumia barua pepe tu; seva inaendelea kula hela.

4. Akaunti ya bure
GB 15 za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Picha za harusi zikijaa, barua za wateja hazipokelewi. Ukishaajiri mtu, hamia kifurushi cha ofisi, namba 1 hapo juu.