Fundi kaseti wa Ngamiani, Tanga: sauti ya bibi imerudi

Kama mna kaseti za wazee zinaozea kabatini mpelekeeni huyu fundi redio wa Ngamiani, anazihamishia kwenye flashi. Bibi yetu mzaa mama ndo alikuwa anaujua ukoo wote, nani kamzaa nani, nani alitoka Songea kuja kukata mkonge Muheza akaoa hukuhuku, na mjomba alimrekodi kwenye kaseti za dakika 60 kabla hajafariki. Moja utepe ulikatika kabisa, jamaa akafungua akauunga akauweka kwenye kasha lingine, zimepotea sekunde chache tu, mpaka jogoo wa uani unamsikia, mama alilia sana. Nisichopenda mafaili kayaandika namba tupu, ikabidi tusikilize kila upande ndo tujue ipi ni ipi, na akikwambia kesho wewe hesabu wiki. Ila elfu tano kwa kaseti ni haki kabisa. Ombeni WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, siyo MP3 peke yake, maana MP3 inabana sauti na ikishabanwa hairudi, halafu vunjeni vile vidude viwili vya juu ya kaseti mtu asije akarekodi taarabu juu ya bibi yenu.