Uzoefu wangu wa kuagiza nakala za nyaraka za vita vya 1917 nikiwa Lindi

Kwa yeyote wa mikoa ya kusini anayetaka kujua Vita vya Kwanza vya Dunia vilipitaje katika ardhi yetu, ninapendekeza kuagiza nakala kutoka katika nyaraka binafsi za Ludwig Boell, ingawa nina masharti yangu. Boell alipigana vita hivyo Afrika Mashariki akiwa ofisa wa Kijerumani, baadaye akawa mwanahistoria wa kijeshi, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kizito kuhusu mapigano hayo. Nyaraka zake zimehifadhiwa Freiburg, katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Ujerumani, chini ya namba N 14. Mimi ni mwalimu wa historia mkoani Lindi na sikuwa na uwezo wa kusafiri, kwa hiyo nilimkodi mtafiti wa kujitegemea anayeishi huko, ambaye huingia katika chumba cha kusomea, hupiga picha kurasa alizoagizwa na kuzituma kwa intaneti.

Sababu ya kuhangaika kote huku ni kwamba vitabu vya kawaida vinatuacha njiani. Historia rasmi ya Waingereza kuhusu vita vya Afrika Mashariki, iliyoandaliwa na Charles Hordern na kutolewa mwaka 1941, inaishia Septemba 1916, na juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Maana yake ni kwamba inafunga kurasa zake kabla ya mapigano makubwa ya bonde la Lukuledi. Kwa upande wa Wajerumani, kumbukumbu nyingi za jeshi ziliteketea Potsdam mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1945. Ndiyo maana makaratasi ya mtu mmoja aliyekuwapo vitani, kisha akatumia miaka mingi kuyapanga na kuyalinganisha, yana uzito ambao pengine yasingekuwa nao.

Niliagiza kurasa zinazohusu mapigano ya Mahiwa na Nyangao tu, katika bonde hilo la Lukuledi, na ninashauri wengine nao wachague eneo moja dogo. Mapigano hayo yalidumu kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Majeshi ya Waingereza yaliyotoka Lindi, pamoja na brigedi ya Wanijeria, yalikabiliana na kikosi kidogo zaidi cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na Waingereza wakapoteza watu zaidi ya 2,500, waliouawa na waliojeruhiwa, huku Wajerumani wakipoteza zaidi ya 500. Kwa hesabu ya siku zile Wajerumani walishinda, lakini hawakuwa na watu wala risasi za kufidia walichopoteza, na tarehe 25 Novemba walikuwa tayari wanavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Kilichonifaa kuliko maelezo yote ni michoro ya ramani. Nilichapisha mmoja kwenye karatasi ya A3 na kumpelekea mzee mmoja wa Nyangao, ambaye babu yake alibebeshwa mizigo ya jeshi. Aliugeuza mpaka mto ukakaa upande aliouzoea, akafuata mstari mwembamba kwa ukucha na kusema: "Mwalimu, njia ya zamani ilipita huku, si kwenye lami hii mnayopita leo." Kisha akanitajia mahali watu walipojificha na mahali palipochotwa maji, mambo ambayo hakuna ofisa aliyeyaandika. Kwa saa hiyo moja peke yake, fedha niliyolipa ilirudi.

Kuhusu picha za kuchorwa, msikubali kulipia ovyo. Michoro ya wakati wa vita inayojulikana zaidi ni ya Walter von Ruckteschell, mchoraji aliyekuwa msaidizi wa Lettow-Vorbeck, na michoro yake 13 imo katika toleo la Kiingereza la kumbukumbu za jenerali huyo, lililotoka mwaka 1920. Kitabu hicho kinapakuliwa bure, hali nimeona wauzaji wa mtandaoni wakidai bei kubwa kwa nakala za picha hizohizo. Ruckteschell alikuwa na mkono mzuri sana. Hata hivyo ni lazima wanafunzi waambiwe kwamba kazi zake zilitumika kuwaonyesha Wajerumani wa nyumbani askari Mwafrika mtiifu kwa mabwana zake, na hadithi hiyo iliwasaidia baadaye wale waliotaka makoloni yarudishwe. Mimi huionyesha michoro hiyo pamoja na maelezo hayo, au siionyeshi kabisa.

Pengo kubwa ni wapagazi. Katika kurasa nilizopokea, maofisa wana majina na vyeo, kampuni za askari zina namba, lakini waliobeba unga, risasi na majeruhi wanahesabiwa kwa jumla kama mizigo yenyewe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivi, wengi kwa njaa na maradhi. Jambo hili linaniuma, na sitaki mtu alipie nakala hizi akitegemea kumpata humo babu yake.

Sasa huduma yenyewe. Mtafiti alikuwa mwaminifu na alijibu barua pepe kwa adabu, lakini fungu la kwanza lilikuwa na kasoro: alipiga upande wa mbele tu wa kila karatasi, na kingo za baadhi ya ramani zilikatwa. Alirudia bila kudai nyongeza, jambo ninalomshukuru. Kubalianeni mapema kwamba atapiga pande zote mbili, ataweka rula pembeni ili vipimo vijulikane, na ataandika namba ya faili kwenye kila picha. Ombeni mafaili mepesi ya kusomea kwanza, kwa sababu yale mazito humaliza bando kabla hayajashuka yote. Makato ya benki ya kutuma fedha nje ni makubwa, kwa hiyo ni afadhali walimu wawili au watatu waagize pamoja. Ombeni kurasa zilizopigwa chapa kabla ya zile za mkono, kwani mwandiko wa Kijerumani wa zamani huwashinda hata Wajerumani wengi wa leo. Katika orodha ya hifadhi, tafuteni pia kwa tahajia yao: Ruvuma huandikwa Rowuma, na Nyangao huweza kuandikwa Njangao. Mkitaka kubandika nakala ukumbini au kuzichapisha, ulizeni kwanza hifadhi yenyewe kuhusu ruhusa, maana kupiga picha kwa ajili ya kujisomea hakumpi mtu haki hiyo.

Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Oda yangu inayofuata inakwenda Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, kwenye shajara za vita za kikosi cha Lindi, na nimeomba kurasa za Oktoba 1917 pamoja na taarifa zozote za wapagazi zilizoambatanishwa nazo.